Uvimbe wa maji tumboni unaorudi kila ukitolewa: soma hapa kabla hujakubali kutolewa ovari

MamaSwafiya (Malindi)

Assalam aleykum, na habari za jioni wadau wote. Uzi huu nauanzisha kwa ajili ya wanawake wa huku kwetu, Lamu, Malindi na vijiji vya katikati, wenye uvimbe wa maji tumboni ambao ukitolewa unarudi. Waume na mama zao pia wasome, maana wao ndio huulizwa pale wadi mgonjwa akiwa hoi. Nilikuwa nesi wa thieta mpaka nikastaafu. Haya nimeyaona kazini, kisha nikayaona kwa mtoto wa dadangu anayeishi Amu, na ameniruhusu niyaeleze bila kumtaja jina.

Neno langu ni moja. Chochote kinachotolewa tumboni mwako kipelekwe kwa daktari wa patholojia, yule anayechunguza nyama za mwili kwa hadubini, na ripoti yake uishike wewe mwenyewe, kabla hujatia sahihi karatasi ya kutolewa ovari au kizazi.

Huyu binti yetu alizaa kwa operesheni, na baadaye akapasuliwa kidole tumbo. Ikapita miaka, tumbo la chini likaanza kujaa. Maumivu hayakuwa makali. Alihisi uzito, alikwenda haja ndogo kila saa, choo kilikuwa kigumu, na alikuwa akiumia akiwa na mumewe, jambo alilolisema kwa taabu sana. Majirani wakaanza kumpongeza kwa mimba. Altrasaundi ikasema sisti ya ovari, yaani kifuko cha maji kwenye ovari. Akavutwa maji kwa sindano, tumbo likashuka, likajaa tena. Akapasuliwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Vifuko vilivyotolewa vilitiwa kwenye bakuli, vikaletwa nje kuonyeshwa jamaa, nasi tukaangalia, halafu vikatupwa. Hakuna kipande kilichokwenda maabara. Uvimbe uliporudi akaambiwa dawa ni kutoa ovari zote mbili pamoja na kizazi. Ana mtoto mmoja na hajafika miaka 35.

Sasa, ugonjwa wenyewe haukuwa wa ovari. Ndani ya tumbo kuna utando mwembamba unaong'aa, huitwa peritonia. Umeambaa ukuta wa tumbo kwa ndani, ukajikunja kufunika utumbo, ini, kibofu na kizazi. Ukitandazwa wote, eneo lake linakaribia lile la ngozi ya mwili mzima. Seli za juu yake hutoa maji kidogo ya kulainisha ili matumbo yateleze bila kukwaruzana. Kwa wagonjwa wa aina hii seli hizo hujenga vifuko vingi vya maji maangavu, kuta zake nyembamba sana, vimeshikana, na hupenda kukaa chini kwenye nyonga, nyuma ya kizazi na kando ya ovari. Ndiyo maana kila mtu anafikiria ovari kwanza.

Jina lake la kitabuni ni mesothelioma ya vifuko vingi isiyo saratani. Mennemeyer na Smith waliieleza mwaka 1979. Ni nadra, makadirio yanayotajwa ni kama wagonjwa 2 kwa kila watu milioni 1 kwa mwaka. Wengi wao ni wanawake wa umri wa kuzaa, ingawa wanaume na watoto hupata pia. Na wengi wana historia ya kupasuliwa tumbo, au maambukizi ya nyonga, au endometriosisi (nyama kama ya ndani ya kizazi kuota nje yake). Wataalamu wamegawanyika: wako wanaosema ni uvimbe halisi unaojiotea, na wako wanaosema ni utando uliojeruhiwa ukajibu kwa kutengeneza vifuko. Mimi kwa niliyoyaona naelekea upande wa pili, lakini mgonjwa hasubiri ubishi huo umalizike.

Ulizeni, nitajibu nikiweza.

Amu_Langoni

Aleykum salaam mamangu. Nimesoma vizuri mpaka nilipofika kwenye hilo jina, mikono ikanitetemeka. Ripoti ya mke wangu ina neno hilo hilo, mesothelioma. Nililitafuta kwenye simu nikakuta habari za asbesto na watu kufa upesi. Mimi na yeye tulisoma shule iliyoezekwa kwa asbesto. Sijamwambia kitu, na usiku silali. Naomba ukweli, hata ukiwa mchungu.

MamaSwafiya

Mwanangu, tulia kwanza. Fungua ripoti usome mstari mzima. Kama neno hilo limefuatana na maelezo ya vifuko vingi, na imeandikwa kwamba si saratani, basi huo ni ugonjwa mbali kabisa na ule ulioukuta kwenye simu. Ule wa asbesto ni saratani, mara nyingi hushika utando wa mapafu, na hata ukishika tumbo huwa mkali. Huu wa vifuko haujahusishwa na asbesto. Kugeuka saratani kumeripotiwa kwa wagonjwa wachache mno, na ndiyo sababu moja ya kumfuatilia mtu kwa skani. Wagonjwa wengi sana huishi nao umri wao wote.

Mwambie mkeo leo. Mwili ni wake, na akikuona hulali bila kusema atawaza makubwa kuliko yaliyopo. Kama hiyo ripoti haisemi wazi ni ya aina gani, piga picha sehemu ya mwisho, funika jina na namba, uniletee faraghani.

FundiMaabara_Msa

Niko maabara ya histolojia, Mombasa. Namuunga mkono Bi Mkubwa, na naongeza lile linalotuumiza sisi: namna vipande vinavyotufikia.

Kipande kinaletwa kwenye kichupa cha shingo nyembamba, kimesokomezwa humo kikiwa laini, sasa kimekauka kigumu na hakitoki mpaka tuvunje chupa. Kingine kimetiwa kwenye maji ya chumvi, kimepanda basi Mokowe, kimepigwa joto njia nzima, kikifika kimeoza na seli hazisomeki. Hapo hata mpatholojia bingwa hana la kufanya, na mgonjwa hana tumbo jingine la kupasuliwa. Kinachotakiwa ni kopo la mdomo mpana na fomalini, dawa ya kuhifadhi, ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi hivi ya kipande. Jina la mgonjwa na mahali kipande kilipotoka viandikwe ubavuni mwa kopo, wala si kwenye kifuniko, kwa sababu mezani vifuniko hubadilishana.

Kwa ugonjwa huu kuna shida ya ziada. Vifuko vikishapasuka maji yanakwenda, kinabaki kijingozi kimenywea. Asiyejua anaona takataka. Sisi tunakikunja, tunakizamisha kwenye nta, tunakata vipande vya mikroni kama 4, tunatia rangi. Kwenye hadubini unaona tundu baada ya tundu, kila moja limezungukwa na safu moja ya seli zilizolala bapa. Safu hiyo inaweza kukudanganya, maana uvimbe wa mishipa ya limfu nao una matundu ya namna hiyo. Hapo ndipo inaitishwa imunohistokemia, kipimo cha kutia alama zinazotambulisha aina ya seli. Seli zikishika alama ya kalretinini, hizo ni za utando wa tumbo. Zikishika CD31 badala yake, ni za mishipa. Si kila maabara inafanya kipimo hiki, lakini bloku ya nta inaweza kupelekwa inakofanyika. Haiozi.

BintiShela

Dada zangu, mimi ni wa Shela, Lamu, na harusi yangu inakaribia. Altrasaundi yangu imeandika sisti ya ovari yenye vyumba vingi. Nikapimwa damu ya CA-125, ile alama inayotumiwa kutafuta saratani ya ovari, imepanda kidogo. Daktari mmoja amesema huenda ni saratani, mwingine amesema tutoe ovari ya kushoto tuone. Sijawahi kupasuliwa, ila nilipata maambukizi mabaya ya nyonga miaka ya nyuma. Mama analia tu. Naanzia wapi?

Skani_Kilifi

Bibie, pole sana. Kazi yangu ni altrasaundi, basi nizungumzie hapo.

CA-125 peke yake haisemi saratani. Hupanda kwa endometriosisi, kwa maambukizi ya nyonga, kwa kifua kikuu cha tumbo, hata ukipima ukiwa kwenye hedhi. Daktari huisoma pamoja na picha, umri na hali yako.

Kuhusu picha, rudi kwa mtu mwenye muda, umuulize swali moja: ovari yenyewe iko wapi? Sisti ikiwa imetoka ndani ya ovari, unaona nyama ya ovari imesukumwa pembeni, imeukumbatia uvimbe. Vifuko vikiwa vya utando, ovari unaikuta nzima, na vijiyai vyake vinaonekana, imekaa katikati ya maji na kuta nyembamba zimetoka kwake kwenda huku na huku, mithili ya buibui katikati ya utando wake. Nikiona hivyo siandiki sisti ya ovari. Pia maji yale hayana umbo la mpira. Yanafuata nafasi iliyopo, yanaingia kila pembe ya nyonga.

Tena maambukizi ya nyonga huacha mishikamano, na mishikamano hiyo huweza kuyanasa maji yanayotoka kwenye ovari kila mwezi. Vifuko vya namna hiyo ni jamaa wa karibu wa huo ugonjwa wa Bi Mkubwa, na navyo si saratani. Nikiona kuta nene, au vinyama vimeota ndani ya kuta, au damu inapita mle kwenye kipimo cha rangi, hapo nabadilisha maneno na nasema mtu aharakishwe. Altrasaundi isipomaliza ubishi omba MRI ya nyonga, ile picha ya mashine ya sumaku. Inatenganisha ovari na maji vizuri kuliko CT, ile skani ya eksirei.

MzeeWaBarani

Nawasikia, wanangu. Lakini zamani matumbo haya yalikuwepo na watu hawakukimbilia kisu. Mkunga alikuwa akikanda tumbo kwa mafuta, mtu ananyweshwa kombe na mizizi, anapona. Nyinyi mkishapasuliwa mara moja hamuachi.

MamaSwafiya

Shikamoo mzee wangu. Umesema kweli moja kubwa: kila operesheni huacha makovu ndani, na kwa ugonjwa huu makovu ndiyo yanayoshukiwa. Kwa hiyo mimi pia sipendi mtu apasuliwe ovyo.

Kombe na dua hazina ubaya, binti yetu alisomewa usiku wa kuamkia safari ya Mombasa na nikaitikia amina. Kukanda ndiko ninakokuogopa. Nikiwa wadi nilipokea mwanamke aliyekandwa tumbo lenye sisti kubwa, likapasuka ndani, akaletwa jasho la baridi linamtoka. Na mizizi ya kunywa, hasa ya kuharisha, humchosha mtu ambaye tayari utumbo wake umebanwa. Kwa heshima yako nakuomba, mkunga akiliona tumbo gumu lililojaa, aliangalie kwa macho tu, kisha ampeleke mtu kwenye skani.

Kizingitini_Bahari

Swali la haraka. Shangazi yangu anavutwa maji kwa sindano kila likijaa, na anasema hilo linamtosha, hataki thieta. Kuna ubaya gani?

MamaSwafiya

Kama tayari inajulikana kwa hakika ni vifuko hivi, na umri umekwenda, na hataki kupasuliwa, kuvuta maji ni njia inayokubalika ya kumpunguzia uzito. Tena kuna hospitali wanaovuta kisha wakatia dawa ya kukausha kuta, mathalani spiriti maalumu ya hospitali. Huwasaidia baadhi. Yakirudi, atavutwa tena.

Ubaya ni kuchoma sindano kabla ya kujua. Iko sisti ya haidatidi, ya minyoo itokayo kwa mbwa, inayojulikana sana Turkana na Umasaini. Ile ukiichoma kienyeji maji yake yakamwagika tumboni, mtu anaweza kupatwa na mzio wa kumuua pale pale, au minyoo ikapandwa tumbo zima. Watu wa Pwani wanasafiri na kufanya kazi kila mahali siku hizi, kwa hiyo aulizwe alikoishi. Kiko pia kifua kikuu cha tumbo, ambacho hujaza maji na dawa yake ni vidonge. Kiko na uvimbe wa kidole tumbo unaojaza tumbo uteute mzito unaogoma kupita kwenye sindano. Huo una matibabu yake makubwa na hautaki kucheleweshwa. Na maji yakivutwa yapelekwe maabara hata kama ni maangavu. Mara nyingi yatarudi na jibu la seli za kawaida za utando, jibu ambalo halithibitishi ugonjwa, lakini linasaidia kuondoa mengine.

Amu_Langoni

Nimemwambia. Tumelia wawili, na leo amekula vizuri. Ripoti yake inasema vifuko vingi, si saratani, na kalretinini imeshika, Alhamdulillah. Sasa mama, matibabu yenyewe ni yapi? Daktari anasema hata akitoa vyote vinaweza kurudi, ndipo mke wangu anauliza basi apasuliwe ya nini.

MamaSwafiya

Mkeo ameuliza swali zuri, na daktari amewaambia kweli. Takwimu zinazotajwa kwa wanawake ni kwamba karibu nusu hurudiwa, wengine baada ya miezi, wengine baada ya miaka mingi. Kwa hiyo la kwanza kuuliza ni kama anasumbuliwa. Vifuko vidogo vilivyoonekana kwa bahati, mtu haumwi, choo na mkojo viko sawa, jina limeshathibitishwa: anaweza kuachwa, akafuatiliwa kwa skani tu. Sio uzembe. Ni matibabu.

Akisumbuliwa, kinacholeta nafuu ya kudumu zaidi ni kutoa vifuko vyote vinavyoonekana pamoja na kipande cha utando vilipoota. Kuvitoboa na kunyonya maji kisha kufunga tumbo ni kujirudisha pale pale. Kwa binti yetu walianza na laparoskopi: tundu dogo kitovuni, kamera, wakachukua vipande, wakafunga, wakangoja patholojia. Ule muda wa kungoja ulikuwa mgumu, dadangu akaona tunachezewa. Lakini ripoti ilipokuja, mjadala wa kutoa kizazi ukafa siku hiyo hiyo. Alipopasuliwa walisimama mezani daktari wa wanawake na daktari wa upasuaji wa matumbo pamoja, kwa sababu vifuko vilishika kibofu na utumbo mpana. Ni kazi ya subira: unashika ukuta wa kifuko kwa koleo laini, unauinua, unautenga na utumbo kidogo kidogo bila kuutoboa. Ovari zilioshwa zikaachwa mahali pake. Hedhi yake iko kama kawaida.

Nchi za nje wako wanaokwenda mbali zaidi. Daktari Paul Sugarbaker wa Marekani aliandika mwaka 1995 namna ya kuubandua utando wa tumbo sehemu kwa sehemu. Baada ya hapo tumbo huoshwa kwa dawa ya saratani iliyopashwa moto, nyuzi 41 hadi 43 za Selsiasi, na njia hiyo huitwa HIPEC. Kwa vifuko vilivyotapakaa tumbo zima na kurudi tena na tena, wapo wanaoitumia. Kwa maoni yangu ni mzigo mzito kumtwika mtu asiye na saratani, na asikubali yeyote kuuza shamba kwa ajili hiyo kabla ya kusikia madaktari wawili wasiojuana.

Dawa za homoni zipo pia: tamoksifeni, na sindano za kuzima ovari kwa muda. Kuna wagonjwa ambao vifuko vilinywea kwa dawa hizo, ila ushahidi ni wa mgonjwa mmoja mmoja. Sindano hizo zikiendelea kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, na huleta joto la ghafla kama la mwanamke aliyekoma hedhi. Kwa anayetaka mtoto karibuni hazifai.

Binti yetu? Skani ya mwisho imeonyesha kifuko kidogo kando ya kibofu. Haumwi, tumekiacha. Kikikua tutajua, maana kila picha inalinganishwa na ile iliyotangulia.

Kizingitini_Bahari

Na SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa?

MamaSwafiya

Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF, bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, jambo la kwanza ni uwe umesajiliwa na michango imelipwa kabla hujaugua. Kiasi wanachobeba hutegemea hospitali na aina ya operesheni, kwa hiyo pitia dawati la SHA la hospitali hiyo kabla ya kupangiwa tarehe. Uliza na gharama ya patholojia kando, kwa sababu mara nyingi ndiyo inayosahauliwa, kisha familia inaambiwa pale pale ilipe taslimu na watu wanaiacha.

Amu_Langoni

La mwisho, FundiMaabara. Tunataka daktari wa Nairobi aisome tena. Tunaomba nini, na tunamuomba nani?

FundiMaabara_Msa

Nendeni maabara iliyotoa ripoti, na namba ya ripoti iliyoandikwa juu ya karatasi, ile ya maabara, si ya wadi. Ombeni bloku za nta pamoja na slaidi, kwa barua ya daktari wenu. Mtatia sahihi ya kuzichukua, na mzirudishe. Msikubali slaidi tupu, kwa sababu daktari wa pili akitaka kipimo kingine atahitaji nta ya kukata. Mzifunge kwenye kitambaa ndani ya kopo gumu, mzishike mkononi safari nzima. Msiziweke chini ya basi, jua la njia ya Garsen linayeyusha.

BintiShela

Nimerudi. Nimefanya altrasaundi nyingine, na aliyenipima ameikuta ovari ya kushoto nzima katikati ya maji. Amesema mwenyewe nisitie sahihi chochote bado. MRI ni wiki ijayo, Mombasa. Mama ameacha kulia, sasa anapika. Nitaleta majibu hapa.

MamaSwafiya

Alhamdulillah mwanangu. Siku ya MRI chukua picha zote za nyuma, na ukitoka udai CD ya picha pamoja na karatasi ya ripoti. Toa kila chuma mwilini kabla ya kuingia, na pini za buibui pia. Na ukifika Malindi basi likisimama, nipigie simu, nitakuletea uji stendi.